Akaunti ya Pantaleo

Harufu ya udi ilianza Ijumaa mchana, ndani ya chumba cha kompyuta ambamo hata sigara ilikuwa marufuku. Severa alidhani ni uchovu tu. Mimba kubwa, foleni ya sukari tangu alfajiri, kisha zile ngazi za shirika lao la Mtaa wa Msimbazi. Mtu aliyechoka hivyo hunusa hata visivyokuwepo.

Kazi yake ilikuwa kuwafungulia wafanyakazi akaunti. Anachapa amri, anaandika jina na neno la siri, na mashine inampa mwenye jina mahali pake pa kukaa humo ndani. Juzi, akijaribu kama amri inafanya kazi, alikosa jina la kuweka, akaandika Pantaleo, jina alilomchagulia mwanawe wa tumboni. Kwao mtoto haitwi jina kabla hajazaliwa. Alilijua hilo, ila alichoka, basi.

Sasa kioo kilisema Pantaleo yumo ndani, anafanya kazi.

"Kaka Hamud, nani anatumia akaunti hii?" alinong'ona.

Hamud, mwenzake wa zamu, alitazama meza nyingine. Mashine zote zilikuwa zimezimwa. "Ngoja nimlete shangazi yangu, yeye hutoa majini," alisema, akatoka mbio.

Severa alichapa amri ya kufuta. Mashine ikakataa: mtumiaji yumo ndani. Akachapa tena na tena, udi ukikolea mpaka macho yakamwasha, na kila alipobonyeza herufi mtoto alijikunja tumboni na maumivu yakampanda Severa mgongoni, naye akaogopa, akaogopa kweli, kwamba anayefutwa ni mwanawe.

"Shikamoo, bibi," alisema Severa, Hamud alipoingia na shangazi yake, Bi Mauza.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Mauza. "Umempa jina, ukampa na nyumba. Jini gani angekataa?" Alishusha sauti. "Nitamtoa, kisha nitamwonyesha pa kwenda, porini huko ng'ambo ya Kigamboni. Nikimaliza ndipo ufute. Usinitangulie."

Akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Punde kioo kikaandika: Pantaleo ametoka. Severa hakungoja. Alikuwa hoi, alitaka yaishe. Akafuta.

Udi ukakatika.

"Amekwenda!" alilia kwa furaha.

Bi Mauza alikatiza kisomo chake. "Nyumba umeivunja, mwanangu. Pa kwenda sijamwonyesha."

Severa alishika tumbo. Mtoto alikuwa ametulia upande wa kulia, kama kawaida yake. Kisha upande wa kushoto kitu kingine kikajinyoosha.