Nundu ya Miaka Tisa

Alhamisi, saa tatu na dakika tano asubuhi, Mzee Kuo Chin-shui alirudi kwake katika mtaa wa Qianzhen kutoka hospitali, jicho moja limefungwa bandeji, akamkuta samaki wake anaelea tumbo juu tangini. Plagi ya pampu ya hewa ilikuwa imechomolewa ukutani.

Hakuuliza mtu. Alimpigia simu mwanawe aliyekuwa kazini katika jiji la Taichung, mlango wazi, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Yule Mvietnamu wako kaniulia samaki! Mwambie afungashe, arudi kwao leo hii!" Na mwana, kama wana wengi wa aina yake, akakubali papo hapo.

Jirani yao, Tseng Yueh-o, aliingia bila kubisha. Miaka kumi na tisa alikuwa mkaguzi wa vipuri katika kiwanda cha bandarini, mpaka alipothubutu kuwaambia wenzake wadai muda wa kwenda chooni. Kazi ikamtoka. Kipimo chake cha chuma alibaki nacho, na majina ya waliomfukuza hajasahau hata moja.

"Kaka Kuo, ulimwona nani akichomoa?"

"Nani mwingine? Kila siku pampu inamnyima usingizi!"

"Hata mimi inaninyima. Na wewe unakoroma kuliko pampu, mbona hatujakuua?"

Thuan, mke wa mwanawe, alifika mbio kutoka kwenye kibanda chake cha vifungua kinywa, aproni imejaa unga. "Baba, nimetoka saa kumi na moja alfajiri. Nilimlisha uduvi, akala wote."

"Ukachomoa ndipo ukatoka!"

Yueh-o alitumbukiza mkono kwenye tangi. Maji yalikuwa vuguvugu. Alimnyanyua samaki, akambonyeza tumbo, kidole kikagota.

"Kaka, lete mkono wako. Hapa."

Mzee akagusa, akauvuta mkono haraka. Ndani ya tumbo kulikuwa na barafu.

"Samaki aliyekosa hewa hagandi," Yueh-o alisema. "Huyu katoka kwenye friza, na katika maji haya hamalizi saa nzima kabla hajayeyuka. Kawekwa saa mbili na nusu hivi. Saa hiyo Thuan alikuwa ananigeuzia mkate wa mayai, watu kumi nyuma yangu wananisukuma."

Kisha akaigeukia kabati iliyobeba tangi. Kwenye mlango wa kabati kulikuwa na alama tisa za penseli. Kila Mwaka Mpya mzee aliegemeza rula kwenye kioo na kuweka alama, kama wengine wanavyopima watoto wao. Samaki wa aina hii, wa Ziwa Tanganyika, hawana haraka ya kukua, na dume huota nundu kichwani inayoongezeka mwaka hadi mwaka. Huyu aliletwa akiwa mdogo kama ukucha, akachukua miaka tisa kufikia alama ya juu: sentimita thelathini na moja.

Yueh-o alifungua kipimo chake. "Ishirini na nne. Na nundu yenyewe utadhani kaumwa na mbu. Samaki harudi utotoni, Kaka Kuo. Huyu si wako."

"Jicho moja limefungwa, sikutazama vizuri…"

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Hung wa duka la samaki wa mapambo. Alinisaidia kusafisha chujio nikiwa hospitali. Lakini Hung ni rafiki! Naye alifiwa na dume lake la aina hii hii miezi miwili iliyopita, mpaka leo amelihifadhi kwenye friza akitafuta fundi wa kulikausha liwe pambo."

Yueh-o alimtazama. "Hebu sema tena. Polepole."

Saa nne kasorobo walikuwa dukani, Thuan nyuma yao.

"Bosi Hung, fungua friza."

"Dada Tseng, hapa si kiwandani. Hakuna mgomo wa kuongoza."

 Yueh-o alipita kando yake, akavuta kitambaa kilichofunika tangi la nyuma. Dume lilikuwa limejibana pembeni, nundu sawa na ngumi ya mtu. Mzee Kuo akaliita kwa jina lake la utani.

Hung aliketi juu ya gunia la chumvi. "Kuna mwenye kiwanda kajenga jumba. Kesho ana wageni, anataka dume la miaka kumi kwenye tangi la ukutani. Nilimwambia halipatikani. Akasema kila kitu kinapatikana."

"Kaka Kuo alisubiri miaka tisa mizima," alisema Yueh-o. "Tajiri wako hakusubiri hata wiki. Na plagi uliichomoa ya nini?"

Hung alimtazama Mzee Kuo. "Nilijua atamlaumu nani. Nilijua hatatafuta zaidi."

Polisi waliandika maelezo yao. Saa sita dume lilikuwa limerudi kwenye maji yake, na Thuan alikuwa chumbani anafunga mkoba.

"Yamekwisha, mwanangu," mzee alisema akiwa mlangoni pa chumba. "Twende tule."

"Mpigie mwanao kwanza, Baba. Mwambie sikuua. Kwa sauti ileile, mlango ukiwa wazi."

Mzee alitoa simu mfukoni. Alikwenda kwenye mlango wa nje, akachungulia: majirani walikuwa wamesimama kwenye ngazi. Akaurudisha mlango taratibu, akaufunga, ndipo akaanza kubonyeza namba.

Thuan alivaa viatu. Alimpita, akaufungua ule mlango, akateremka ngazi na mkoba wake katikati ya watu.