Marahaba ya Kitanda Kitupu

Mazoea yana taabu. Kila alfajiri, Felistas aliwasalimia bibi watatu wa chumba alichokihudumia katika nyumba ya wazee nje kidogo ya Tarime, akianzia kitanda cha mlangoni, beseni la maji moto mkononi. Siku hiyo alisahau kwamba Bibi Kisyeri wa mlangoni walishamzika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," kitanda kikaitikia.

Kilikuwa kitupu, kimefunikwa blanketi jekundu ambalo Filemoni, mwana wa marehemu, alilileta kutoka Nyamongo. Felistas akajiambia ni usingizi tu. Lakini kulikuwa na harufu ya duara, shimo la wachimba dhahabu, ule udongo wa chini kabisa.

Kesho yake akapita pale kimya. Bibi Irine wa kitanda cha kati, mwanamke aliyekuwa msemaji kuliko redio, alisalimiwa asiitikie. Alitazama tu, midomo ikicheza bila sauti, na kabla jua halijazama alikuwa amekata roho.

Kitanda kilichobaki, cha dirishani, kilikuwa cha Adero, mama yake Felistas. Ni kwa ajili yake Felistas aliomba kazi ile.

Akamfuata Nice, binti wa jikoni, akamnong'oneza yote.

"Dada, uliitikiwa kweli?"

"Niliitikiwa."

"Basi umekipa kitu hicho uzee humu ndani; sasa kinawanyang'anya wazee wenyewe sauti zao." Nice alitazama mlango. "Filemoni alikuwa na jini huko maduarani, nani asiyejua? Lilimfungulia mwamba wa dhahabu, likadai mtu mzima wa kulilea. Akalileta hapa kwa mama yake, limejificha kwenye blanketi."

"Nilichome?"

"Utachoma nguo tu, jini lenyewe litabaki. Mimi naenda kwetu Kenyamonta, dada, unisamehe."

Jioni mvua ikanyesha, umeme ukakatika. Felistas akakaa kitandani kwa mama yake, amemshika mkono. Aliogopa, wala hakuona aibu kuogopa. Harufu ya udongo ikaja kwanza, halafu kitanda cha mlangoni kikalia kama mtu anayejigeuza, kisha kile cha kati, na sauti ya kitu kizito kinachoburuta blanketi sakafuni ikawa inawasogelea polepole, ikisimama kila radi ilipopiga na kuanza tena radi ilipopita, mpaka ubaridi ukamfikia Felistas miguuni na mtu akamhemea sikioni kwa sauti ileile ya Bibi Irine, ambaye Felistas alimfunga maiti yake kitambaa cha kidevu kwa mikono yake mwenyewe.

"Felistas. Mbona hunisalimii siku hizi?"

Mdomo wake ukafunguka. Mama yake akamminya mkono, akaketi.

"Nani anaongea mbele yangu bila salamu?" Adero aliuliza taratibu. "Mimi nimezika waume wawili na watoto wanne. Wewe una nini cha kunizidi? Salimu."

Kitu hicho kikasema, safari hii kwa sauti nyembamba ya kitoto.

"Shikamoo."

Adero akanyamaza. Kikasalimu tena, kwa kubembeleza, kikasalimu tena kwa kilio, naye akanyamaza vilevile.

"Mtoto asiyeitikiwa hana kwao hapa," akasema mwishowe. "Toka."

Mlango ukajifungua. Blanketi likaburutwa hadi nje kwenye matope, na harufu ikaisha.

"Nyathina," Adero akamwambia binti yake, yaani mwanangu kwa Kijaluo chao, "kitatafuta mwingine wa kukiitikia. Usiyemwona, usimwitikie."

Felistas alilia kwa furaha, akalala miguuni pa mama yake.

Kulipokucha anga lilikuwa safi. Felistas alikoroga uji huku akiimba wimbo wa kanisani, na moyo wake ulikuwa mwepesi. Mlango wa jikoni ukalia nyuma yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Nice. Nipe vikombe."

Vikombe havikuja. Akageuka, hapakuwa na mtu. Nice alikuwa Kenyamonta.

Alikimbia chumbani, uji ukimwagikia moto nyuma yake. Mama yake alikuwa ameketi dirishani, kitenge mabegani, akimtazama.

"Shikamoo mama."

Midomo ya Adero ilicheza, ikacheza, bila sauti.

"Mama, shikamoo. Niitikie."

Kutoka kitanda cha mlangoni, sauti ya mama yake ikamjibu kwa upole.

"Marahaba, nyathina."