Paa la Mkonge

Uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Nyeri ulikuwa umejaa, na umati mkubwa ulimzunguka kijana mwenye suti ya kahawia aliyekuwa akirukaruka juu ya bati. Halikuwa bati la chuma. Alilifinyanga mwenyewe kwa simiti na nyuzi za mkonge, akaliegemeza juu ya mbao mbili, moja kila upande.

"Mnaona, wazee? Kuvunjika haijui. Na mkonge ni ile tu ya ua wa shamba yako."

"Iko na umri gani?" aliuliza msichana mwenye gauni la buluu na sweta nyeupe.

"Mimi ama bati?"

Watu wakacheka.

"Wewe naona umekomaa. Bati."

"Wiki tatu."

"Basi umetuonyesha mtoto. Tuonyeshe mzee."

Msichana huyo, Warigia, alifundisha ujenzi katika chuo cha ufundi. Kazi yake ilikuwa kuvunja vitu na kutazama vilipovunjikia. Kijana wa bati, Theuri wa kijiji cha Gakindu, alimnunulia soda, na tangu hapo kila alipokuja mjini walikunywa chai pamoja.

"Wasichana wengine huletewa kanga," Theuri alimtania. "Wewe nakuletea bati."

"Lete tu, mpenzi. Kanga ningeipasua pia."

Kisha Theuri akampeleka Gakindu kuona nyumba yake, ya kwanza kuezekwa kwa mabati hayo, miaka kadhaa nyuma. "Hii ni yako, siku ukikubali." Nyuma ya nyumba lilikuwapo bati lililobaki wakati wa kuezeka, limenyeshewa miaka yote ile. Warigia aliondoka nalo.

Lilivunjika chuoni kama biskuti. Bati jipya hupasuka polepole, nyuzi zikilishikilia. Katika hili nyuzi zilikuwa zimeliwa na simiti yenyewe, na hakukuwa na mlio wowote wa kuonya. Alirudi kumwambia Theuri, akawakuta wazee wa chama cha kahawa wamekuja kuagiza paa la ghala. Aliwaambia wote pamoja. Ukweli, kwake, haukuhitaji faragha.

"Umeniaibisha," Theuri alisema walipobaki wawili. "Jumamosi nitapanda juu ya paa yangu, hao wazee wakiona."

Jumamosi asubuhi Warigia alisimama katika kibanda cha simu nje ya posta, akapiga simu Gakindu. Mutahi, karani wa kiwanda cha kahawa, aliipokea, akaenda kumwita Theuri. Alikawia.

"Sema, mwalimu," Theuri alisema hatimaye.

"Usipande."

"Wewe unajali mkonge ama unajali mimi?"

"Theuri, lile bati halikulia hata kidogo. Lilikatika tu."

"Sijauliza hiyo."

Alitafuta hoja nyingine na hakuipata. "Naomba," alisema. "Tafadhali, naomba."

Simu ikakatika. Hakujua kama Theuri alisikia.

Alipofika Gakindu ngazi ilikuwa imeegemea ukuta, hakuna mtu juu yake. Paani kulikuwa na tundu la ukubwa wa mtu. Ua ulikuwa mtupu. Alisukuma mlango akitazama sakafuni kabla ya kitu kingine chochote.

"Hakuna mtu huko," Theuri alisema nyuma yake. Suti ilikuwa nyeupe kwa vumbi na alikuwa akichechemea. "Nilitoa bati moja kwanza, nikiwa kwa ngazi. Nikaiweka juu ya mbao, vile wewe hufanya, nikasimama."

"Halafu?"

"Biskuti."

"Na wazee?"

"Wamekunywa chai wakaenda."

Warigia aliketi kwenye kizingiti. "Kwa nini hukupanda?"

"Sijawahi kusikia wewe ukiomba kitu." Akakuna kichwa. "Sasa nilikuwa na swali, lakini paa yenyewe ndiyo hiyo."

"Tengeneza vigae vidogo, vinene. Kigae kifupi hujibeba chenyewe. Mkonge ukisaidie tu kingali kibichi."

"Hiyo ni jibu ya paa."

"Ndiyo."

"Na ile ingine?"

Warigia alivua sweta, akaitundika kwenye kitasa cha mlango, akajaribu ngazi kwa mguu mmoja.

"Shika hapa chini. Hayo mabati mengine yashuke yote. Mimi silali chini yake hata siku moja."

Theuri aliishika ngazi, akaanza kusema kwamba leo angeweza kushusha nusu tu. Ndipo lile neno la kulala likamfikia, akamtazama.