Ufunguo wa Baiskeli ya Wagonjwa

Mama alishika ufunguo mkononi, akaniangalia machoni, akasema hapana.

Ndani ya nyumba dada yangu Nabwile alikuwa anavuja damu. Mtoto alikuwa ametoka salama, lakini damu ilikataa kusimama. Na baiskeli ya kubeba wagonjwa ilikuwa hapo hapo, imefungwa kwa nyororo kwenye nguzo ya veranda yetu...

Wapendwa, ngojeni kwanza kabla hamjamtukana mama yangu.

Hiyo ilikuwa 2006, kwetu Ndalu. Mimi Nelima nilikuwa nauza mitumba Tuwan, Kitale, nikaja nyumbani kumsaidia dada ajifungue. Mama alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Kwetu mvua ikinyesha, gari haifiki, na wanawake walikuwa wanafia kwa matope wakipelekwa hospitali na mkokoteni. Ndio kikundi kikaomba ufadhili kwa wakfu mmoja, wakapewa ile baiskeli yenye kitanda nyuma.

Lakini kabla ya baiskeli kulikuwa na mbuzi wa maziwa. Wafadhili wengine walileta hao mbuzi, mwenyekiti wa zamani akagawia mashemeji na wakwe zake, wenye shida wakabaki kumeza mate. Wafadhili wakahama, hawakurudi.

Kwa hivyo Wacuka, afisa wa wakfu, alipokuja kukabidhi baiskeli alisema wazi kwamba jamaa wa viongozi wasinufaike na mradi. Mama akasimama mbele ya kanisa lote, akaapa kwamba mtu wa nyumba yake hatagusa hiyo kitu. Watu wakampigia makofi. Hata mimi nilipiga.

Sasa siku ikafika.

"Mama, nipee ufunguo. Nabwile anaisha."

"Niliapa, Nelima. Nikivunja leo, watachukua baiskeli, na kesho mtoto wa mwingine atakufa."

"Na wako je?"

Alijifunga leso kiunoni, akatoka mbio kwenye mvua na ule ufunguo.

Aki nilichanganyikiwa. Mama mzazi anatorokaje mtoto wake akiwa hali hiyo? Nikamwita jirani yetu Kipkoech na shoka lake, akaanza kugonga nyororo. Mimi nikarudi ndani kumshika dada mkono. Ulikuwa baridi.

"Mama ako wapi?" akaniuliza.

Akafunga macho, na hakuyafungua tena...

Kipkoech alikuwa bado anagonga huko nje. Hakuna mtu alikuwa na nguvu ya kumwambia aache.

Ndio Mama akaingia, amelowa mpaka nywele, anamvuta Sellah kwa mkono. Sellah alikuwa makamu wake, anakaa ng'ambo ya mto.

"Nimeacha kiti," Mama akasema, pumzi juu juu. "Mimi si mwenyekiti tena, Sellah ndiye mwenyekiti. Nabwile si jamaa wa kiongozi. Haya Sellah, mfungulie mtoto wangu."

Akamtia ufunguo mkononi. Sellah akaangalia uso wangu, na ufunguo ukamponyoka.

Kumbe hakutoroka jamani. Alikimbia kumtafutia mtoto wake ruhusa.

Siku ya mazishi Wacuka alikuja. Aliposimuliwa, alikaa chini kwenye nyasi na nguo zake nzuri za ofisi.

"Mama, ile sheria ilikuwa ya pesa na kazi," akasema. "Mgonjwa ni mgonjwa tu, hata akiwa wako. Kwani hamngeniuliza?"

Mama akamjibu polepole:

"Mgeni amekuletea zawadi, utaanzaje kumuuliza maswali?"

Hivyo ndivyo sisi tulilelewa. Ukipewa unapokea kwa mikono miwili na unafunga mdomo.

Wasomaji wangu, ukipewa kitu shukuru, halafu uliza. Kuuliza si ujinga. Sisi tulinyamaza kwa heshima, na heshima hiyo ilitufikisha kaburini.

Yule mtoto tulimwita Nabwile, na ni Mama alimlea. Kwenye mikutano Mama hakukalia kiti tena, anakaa chini kwenye nyasi, na ndiye wa kwanza kuinua mkono. Anauliza mpaka watu wanachoka.

Lakini kuna swali moja ananiulizaga mimi peke yangu, tukichambua mboga. Ati marehemu dada yangu alijua Mama alikuwa ameenda wapi siku ile?

Mimi husema alijua.