Kioo Hakina Mapenzi

Kioo kilimsalimu Mwanaidi kabla hajakifikia.

"Habari za jioni, Mwanaidi. Simama wima, legeza mabega."

Msichana akasimama. Nyuma ya bamba lile lililofunika ukuta mzima wa sebule, macho-chembe kwa maelfu, kila moja dogo kuliko punje ya ulezi, yalimpima mwili kwa miali isiyoonekana. Kisha bongo-umeme likaichora sura yake juu ya bamba, rangi kwa rangi, pumzi kwa pumzi, hata mtu asingeweza kujua kwamba anatazama mchoro wala si kivuli chake mwenyewe.

"Kiuno bado," kilisema Kioo kwa upole. "Lakini una moyo. Usikate tamaa."

Kwenye kochi, baba yake, Mhandisi Hemedi Kilua, alimtazama bintiye ndani ya Kioo akatabasamu. Msichana mwenye afya, mashavu yamejaa. Kioo Mwandani kilikuwa kazi ya mikono yake, na ilikuwa shida kupata nyumba katika jiji la Tanga isiyokuwa nacho.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hemedi hakukiunda kwa tamaa. Baba yake mzazi alikatwa mguu kwa kisukari, na enzi hizo kila mtaa wa Ngamiani ulikuwa na mtu wa namna hiyo, ameketi barazani na mkongojo wake. Roboti zilibeba, magari yalijiendesha, binadamu wakabakiwa na kazi mbili, kukaa na kula. Kioo ndicho kilichowatoa nje. Kilimwambia kila mtu ale nini na atembee kiasi gani, na asubuhi barabara ya Raskazone ikajaa wazee kwa vijana wakienda kwa miguu, jambo ambalo mji ulikuwa umeshalisahau.

Ila palikuwa na siri. Wakati wa majaribio, watu walioonyeshwa miili yao kama ilivyo walijitahidi kwa muda, wakaridhika, wakakipa Kioo kisogo. Ndipo Hemedi akaongeza kitu alichokiita nyongeza ya hamasa. Kioo kikamzidishia mtu unene kidogo tu, upana wa kidole kiunoni, uvimbe shavuni. Na kadiri mtu alivyopungua, nacho kikazidi kumwongezea, ili asifike mwisho wa safari. Watu wakatembea, wakapona, wakashukuru. Tangazo alilitunga mwenyewe, na watoto wakaliimba shuleni: Mama atakusifu kwa mapenzi, mume atakusifu kwa mapenzi, Kioo hakina mapenzi.

Jioni hiyo walikuwa na mgeni. Dada mkubwa wa Hemedi, Kidawa, alikuja kutoka Pangani na kikapu cha tende, kwa sababu mama yake Mwanaidi alikuwa kazini kwenye kituo cha Mwezini, na mwaka wake wa zamu ulikuwa bado haujaisha. Kidawa alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyeomba radhi kwa mwili wake.

"Hodi humu! Hemedi, siku hizi mnauvisha ufagio gauni?" alisema akimkumbatia Mwanaidi.

"Dada na wewe!" Hemedi alicheka. "Mwanao anafunga. Funga ya Daudi, leo ndiyo, kesho siyo. Tangu Mfungo Mosi, Ramadhani ilipoisha, hajaacha. Hata imamu amemtolea mfano."

"Mashaallah," alisema Kidawa. Lakini mikono yake ilikuwa bado mgongoni kwa msichana, na kicheko chake kilikuwa kimekwisha.

Adhana ya magharibi ikalia. Waliketi mkekani mbele ya sinia moja: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tende za Kidawa. Mwanaidi alichukua tende, akataja jina la Mungu, akaipeleka kinywani huku amejifunika kwa upindo wa kanga. Hemedi aliona alichokiona kila futari, mtoto mwenye adabu asiyetafuna mbele ya wakubwa.

Kidawa alitema kokwa kwenye kisahani. Akatazama kisahani cha Mwanaidi.

"Kokwa yako iko wapi, mama?"

"Nimeimeza, shangazi."

"Umemeza kokwa ya tende?"

"Bahati mbaya."

"Hebu fungua mkono."

Mwanaidi hakuufungua. Kidawa aliushika, akakunjua vidole kimojakimoja, na tende ikaonekana, nzima, imelowa jasho.

"Jana ulifunga?"

"Ndiyo."

"Na leo umefunga." Kidawa alimgeukia nduguye. "Hemedi, Nabii Daudi alifunga siku moja, akala siku ya pili. Ya pili ya huyu iko wapi?"

Siku za kula Hemedi hakuzishuhudia. Mchana alikuwa kiwandani, na jioni aliambiwa, nimeshakula, baba. Nani humchunguza mfungaji? Mtoto akiacha chakula kwa ajili ya Mungu habembelezwi ale, husifiwa.

Kidawa aliinua ule mkono mbele ya macho ya nduguye. Bangili za fedha alizoachiwa Mwanaidi na bibi yake zilikuwa zimefungwa kwa uzi kwenye kiwiko, zisianguke.

Hemedi aliutazama ule mkono wenyewe. Hapo akatambua kwamba kwa muda mrefu, kila aliporudi kazini akajitupa kwenye kochi, alikuwa akimtazama mwanawe ukutani. Yeye ndiye aliyeutunga uongo ule, nao ulikuwa umemdanganya.

Akainuka. "Mwandani! Ni Hemedi. Ondoa nyongeza."

"Kuiondoa kutapunguza hamasa ya mtumiaji."

"Nimesema ondoa!"

Mchoro wa Mwanaidi ukasinyaa. Mashavu yakabonyea, mitulinga ikachomoza, gauni likaning'inia kama lililotundikwa msumarini. Kidawa akasema, "Inna lillahi," akajiziba mdomo.

Mwanaidi alikisogelea Kioo, akakigusa.

"Umekifanyaje, baba?"

"Nimekirudisha kwenye ukweli. Kile cha siku zote ndicho kilichokuwa kikikudanganya. Mimi ndiye niliyekifundisha uongo."

"Unasema hivyo ili nile."

"Wallahi, mwanangu."

"Wewe ni baba yangu," alisema polepole, kama anayemsomesha mtoto mdogo. "Huyu ni shangazi yangu. Nyinyi mna mapenzi." Akageukia ukuta. "Mwandani, nimekonda?"

"Umekonda sana, Mwanaidi. Uko hatarini. Tafadhali, kula."

Msichana aliguna, akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aonaye rafiki wa siku nyingi amerukwa na akili.

"Kimeharibika," alisema.

Hemedi alisimama na mikono mitupu. Kesho angeweza kwenda kiwandani na kuiondoa nyongeza katika jiji zima. Akawaza nyumba za Ngamiani, Chumbageni, Raskazone, na wangapi ndani yake wangeutazama ukweli na kumwita fundi.

Kidawa alichukua tende nyingine, akaipasua, akatoa kokwa, akaileta kwenye midomo ya msichana. "Hii tu, mama. Hii moja tu."

Midomo haikufunguka. Uji ulikuwa umeanza kupoa, umeota utando.

"Kitengeneze, baba," alisema Mwanaidi, kwa adabu ileile aliyosifiwa nayo.