Walifuta Jina la Nohemi

Jogoo wa mbao alimgonga Nohemi Arzate kisogoni. Kofia yake ikaruka, ikaangukia miguuni mwa mwanamke aliyebeba ndoo ya jibini.

"Wee! Huna macho?"

"Ninayo mawili, dada, ila jogoo huyu kayaziba yote."

Ilikuwa Jumapili mchana, juu ya daraja la mpakani, kutoka Juárez kuingia El Paso katika jimbo la Texas. Foleni ya waenda kwa miguu ilikuwa imejikunja kutoka getini hadi katikati ya daraja, na jua lilikuwa kali kama pasi. Aliyejibu alichungulia kutoka nyuma ya ubao mkubwa uliochongwa kwa umbo la jogoo mwekundu mwenye kilemba cha dhahabu. Mwanamume mwembamba, masharubu yaliyokatwa vizuri, shati jeupe lililorukiwa na madoa ya kila rangi, kucha za bluu.

"Unampeleka wapi huyo?" Nohemi aliuliza huku akipangusa kofia yake.

"Kwenye duka la kuku wa kuchoma, mtaa wa Alameda. Nimemchora mwenyewe. Mimi ndiye Eleuterio Quezada, lakini jina hilo ni la serikali. Niite Tello."

"Jogoo la shamba haliwiki mjini, Tello."

"Huyu ni wa mjini, dada. Akitundikwa utamsikia mpaka nyumbani kwako. Kwani nyumbani ni wapi?"

Nohemi alicheka bila kupenda. Siku hiyo alivaa gauni la kitani la manjano, nywele kazibana juu, shingo inameremeta kwa jasho. Akasogea, akasimama kwenye kivuli cha yule jogoo.

"Kivuli hicho kina malipo," Tello alisema.

"Malipo gani?"

"Namba ya simu."

"Huna hata haya."

"Haya niliiacha Juárez. Kwani wewe kazi yako nini?"

"Nesi."

"Wa hospitali gani?"

"Wa kliniki. Natibu."

"Manesi wanatibu?"

"Huyu anatibu," Nohemi alisema. Walipofika getini, namba alikuwa ameshampa.

Kwamba anatibu, hilo si majivuno. Nohemi alianza akiwa msichana, kuwaogesha wazee na kuwageuza vitandani katika nyumba ya kulelea wazee. Akasomea uuguzi, akafanya kazi miaka mingi katika chumba cha dharura, mahali ambapo mtu hujifunza kutofautisha anayelia kwa maumivu na anayelia kwa woga. Kisha akarudi shule, mchana kazini, jioni darasani, mpaka akapata shahada ya uzamili na kufaulu mtihani wa kuwa nesi mtabibu wa familia. Mtoto mwenye sikio linalouma, mjamzito, mzee wa kisukari, wote walipita mikononi mwake: aliwapima, akawaambia ugonjwa wao, akawaandikia dawa. Mwenye kisukari alimvua soksi yeye mwenyewe, akapiga magoti sakafuni, akakagua kidole kimoja kimoja. Na mtu akimwita daktari, alimsahihisha papo hapo: "Mimi nesi, mama. Nesi Nohemi."

Lakini sheria ya Texas ilikuwa na lake. Nesi wa namna yake haandiki dawa mpaka awe na mkataba na daktari. Si lazima daktari awe chumbani, mradi sahihi yake ipo. Wa Nohemi aliitwa Lowell Brandt, mwenye kliniki ile na nyingine kadhaa, aliyekaa upande wa juu wa mji kwenye viwanja vya gofu. Kazi yote ilikuwa ya Nohemi. Jengo na sahihi vilikuwa vya Brandt.

Mapenzi hayakungoja. Kila mchana simu iliita.

"Umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula, mpenzi. Mkate ni mto wa kulazia chakula. Toka nje."

Akitoka anamkuta Tello ameegemea gari lake kuukuu, bakuli la supu ya ng'ombe mkononi, limefunikwa kwa kitambaa. Wakala wamekaa kwenye bampa, magoti yakigusana.

Siku moja Tello alitazama juu ya mlango. Palikuwa na kibao cha zamani: Kliniki ya Familia, na chini yake, Nohemi Arzate, Nesi Mtabibu.

"Nani kakuandikia jina hili? Herufi zimelewa!"

"Mwache aliyeandika. Mama yangu alipoliona alilia."

"Basi nami sicheki tena," Tello alisema, na kweli hakucheka.

Ikaja Machi, mwezi wa upepo na vumbi. Asubuhi moja Nohemi alifika kazini amejifunga skafu hadi puani, akakuta wagonjwa wamejibanza ukutani na ngazi imesimama mlangoni. Juu ya ngazi, Tello. Moyo ulimruka kwa furaha. Alidhani mpenzi wake amekuja kwa siri kuzinyoosha zile herufi zilizolewa.

Kisha akaona brashi ina rangi nyeupe. Jina lake lilikwisha kufunikwa lote. Pembeni, kwa penseli, palikuwa pamechorwa herufi mpya, kubwa: Kliniki ya Familia ya Daktari Brandt.

"Tello."

"Ah, mpenzi, umewahi leo. Nilitaka nimalize kabla hujafika, usije ukaona—"

"Nisije nikaona nini?"

Tello alishuka haraka, brashi ikidondoka matone. "Daktari alinipigia juma lililopita, akasema—"

"Juma lililopita! Juzi tumekula sahani moja, ukanibusu hapa shavuni, kumbe unajua?"

"Nilijua, ila nilidhani wewe—"

"Usiniambie ulichodhani!"

"Nohemi, nisikilize."

"Maisha yangu yote nasikiliza watu. Mapafu yao, mioyo yao, uongo wao. Leo sisikilizi. Toa ngazi yako, wagonjwa wapite. Na namba yangu uifute kama ulivyofuta jina langu. Mkono wako mwepesi sana!"

Mzee Macedonio, mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni, aliinua fimbo kuelekea kibao. "Binti, na sisi sasa tutakuwa wagonjwa wa nani?"

Nohemi alifungua mlango, akanawa mikono, akamwita wa kwanza. Asubuhi nzima alipima presha za watu huku yake mwenyewe ikigonga masikioni.

Alasiri alikuja Daktari Brandt, suti ya kijivu, manukato ya bei mbaya, uso wa mtu aliyelala vizuri. Alisimama chumbani kwa Nohemi akitazama huku na huku kama mgeni, na mgeni ndiye alivyokuwa.

"Usilichukulie moyoni, Nohemi. Watu wakiona jina la nesi mlangoni wanadhani hakuna daktari."

"Na hakuna."

"Sahihi yangu ipo."

"Sahihi haipimi mtu homa! Mzee Macedonio ukikutana naye barabarani utamjua? Yule mama uliyetia sahihi dawa zake za moyo, anaitwa nani? Wamekuja hapa kwa sababu yangu. Kibao kile ndicho kitu pekee katika jengo hili kilichosema ukweli, nawe umekipaka rangi."

Brandt alicheka kidogo, cheko la kumbembeleza mtoto. "Mna hasira nyinyi. Hata yule mchoraji wako alinisumbua. Alikataa katakata kupanda ngazi mpaka nilipomwambia kwamba umekubali, ila unaona aibu kuzungumzia."

Nohemi aliweka kalamu chini.

"Ulimwambia nimekubali?"

"Ungekubali tu. Ni yaleyale."

"Si yaleyale!" Nohemi alisimama. "Rudisha jina langu."

"Hapana. Na nakushauri ushushe sauti. Nikivunja mkataba wetu leo, kesho hutaweza kumwandikia mtu hata dawa ya kikohozi."

"Nitauvunja mwenyewe. Lakini sitoki kesho. Mpaka mwisho wa mwezi nitakuwa hapa, nimtafutie kila mgonjwa mahali pa kwenda na dawa za kumfikisha huko. Kumwacha mgonjwa njiani ni mwiko kwetu. Kwenu sijui."

Brandt aliondoka bila kuaga. Nohemi alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, karatasi ya kitandani ikachanika chini yake. Alilia, na aliyemliza zaidi hakuwa Brandt.

Siku ya mapumziko alikwenda kwenye karakana ya Tello katika mtaa wa Segundo Barrio. Tello alikuwa amechutama mbele ya dirisha la kinyozi jirani, anachora mkasi. Alimwona kwenye kioo, asigeuke.

"Karibu. Umekuja kuhakikisha nimefuta namba?"

"Brandt kaniambia yote. Kumbe alikudanganya."

"Basi umemwamini yeye." Tello aliweka brashi chini. "Maneno yangu hukuyataka, ulitaka kuyasikia kutoka kwa mwongo mwenyewe. Mbele ya watu wote, Nohemi! Uliniona kwenye ngazi ukaamua mimi ni mtu wa kukufuta. Hata dakika moja hukunipa. Ninyi manesi si mnauliza kwanza? Inauma wapi, imeanza lini?"

"Ninauliza."

"Mimi hukuniuliza."

"Na wewe je?" Nohemi naye alipandisha. "Mtu anakwambia nimekubali kufutwa jina langu, nawe unaamini? Jina lililomliza mama yangu? Unalala nalo juma zima, unaniletea supu, huniulizi neno!"

"Nilidhani unaumia na hutaki nijue. Nilitaka kukusitiri."

"Sitaki kusitiriwa, Tello. Nataka kuulizwa!"

Kinyozi alichungulia dirishani, akaona hali, akarudi ndani kimya. Tello alijifuta mikono kwa kitambaa, polepole, hata pasipo na rangi.

"Basi nakuuliza. Utafanya nini sasa?"

"Sijui. Nina hasira nataka kuuma kitu."

"Nina gordita ya nyama kwenye mfuko. Anza na hiyo."

Alitaka kubaki na hasira. Kicheko kikamponyoka kikiwa kimechanganyika na machozi, na Tello akamkumbatia, akalichafua gauni lake la manjano kwa bluu.

"Nisamehe," alisema Nohemi begani kwake.

"Nami unisamehe. Nitakuuliza mpaka unichoke."

Ajabu ya El Paso ni kwamba jimbo jingine liko mlangoni. Ukiendesha gari kuelekea magharibi, kabla wimbo redioni haujaisha umeingia Sunland Park, New Mexico. Na huko nesi mtabibu hahitaji sahihi ya daktari; anatibu na kuandika dawa kwa leseni yake mwenyewe. Nohemi alilijua hilo siku zote. Hakuwahi kulifikiria kwa sababu wagonjwa wake walikuwa upande huu.

"Hebu nieleze," Tello alisema kwenye simu, "barabarani kuna nini? Ukuta?"

"Kibao tu. Karibu New Mexico."

"Na akili zako zinabadilika ukikipita?"

"Ndiyo maana nachemka! Kichwa hikihiki, mikono hiihii. Upande huu mimi kama mwanafunzi, upande ule mtaalamu. Na Mzee Macedonio na mguu wake apande mabasi mawili, kwa sababu watu waliokaa kwenye viti vya ngozi wameamua hivyo!"

"Basi mabasi tutayafikiria. Omba leseni."

Aliomba. Alipokuwa akingoja alirudi chumba cha dharura, akafanya zamu za kuchosha, akatunza kila alichopata. Leseni ilipotoka, akapanga duka lililokuwa la kuuza tortilla, zile chapati za mahindi, dogo, kuta zingali zinanukia mahindi. Tello alipiga plasta, akafunga sinki, akatengeneza benchi la wagonjwa. Jumamosi ya kufungua aliwabeba wazee kwa gari lake, akawapitisha mpaka wa jimbo huku akiwatania kwamba amekuwa msafirisha watu wa magendo.

Asubuhi hiyo benchi lilijaa. Mzee Macedonio alikuwa wa kwanza, kidonda kimeanza kufunga. Nohemi alipiga magoti, akamvua soksi.

"Nilikuwa naona aibu kuvuka," mzee alisema. "Kama mkimbizi katika mji niliozaliwa."

"Aibu si yako, mzee. Aibu ni ya waliokulazimisha kuvuka." Sauti yake bado ilikuwa na moto, miezi yote ile haikuuzima. "Geuza mguu. Vizuri."

Alipotoka kumwita anayefuata, alimkuta Tello amekaa mwisho wa benchi, shati limepigwa pasi, mkono wa kushoto umekunjwa tayari kupimwa.

"Wewe unaumwa nini?"

"Moyo. Unadunda ovyo nikikuona."

Wanawake kwenye benchi waliguna kwa raha. Nohemi alijishika kiuno.

"Toka kwenye foleni. Sikutibu."

"Kwa nini? Si kliniki ya familia?"

"Ndiyo maana. Maadili ya kazi yetu hayataki nesi atibu jamaa zake."

"Mimi si jamaa yako."

"Utakuwa," alisema Nohemi. "Kama utanikubali. Nakuuliza, Tello, mbele ya watu hawa."

Tello alisimama, akaketi tena. Alitazama huku na huku kama anayetafuta msaada.

"Mjibu, mwanangu!" Mzee Macedonio alifoka kutoka mlangoni, kiatu kimoja mkononi. "Wenzio tunangoja kutibiwa!"

"Nakubali," Tello alisema. "Lakini presha yangu atapima nani?"

"Kuna kliniki nzuri mtaa wa pili," Nohemi alisema, macho yamemjaa machozi. Kisha akageukia benchi. "Anayefuata!"