Stata Kifuani

Rafiki yangu Hatibu, fundi wa Daraja Mbili, si mtu wa kuongopa. Ndiyo maana nalala vibaya tangu aliponisimulia haya.

Ilikuwa Julai, enzi za Mwingereza bado. Ukungu wa Meru ulishuka mpaka mchana ukawa giza. Hatibu alikuwa peke yake bandani nyumbani kwake, akihangaika na stata, ile mota ya kuamshia injini, ya vani yake kuukuu, maana kesho yake alitaka kumpeleka hospitali mkewe Zamda, aliyekuwa mjamzito. Breki ya mkono ilishakufa zamani, kwa hiyo aliliacha gari kwenye gia lisiserereke, kama alivyozoea. Akachomoa nyaya za betri, akaingia chini ya gari, akaifungua stata ikatoka kwenye injini, akailaza kifuani ili apumzike kidogo.

Mara gari likalia juu yake: krrr, krrr, krrr. Ni ule mlio wa stata inayohangaika kuamsha injini. Na kwa kuwa gia ilikuwa imeingia, gari likajivuta mbele. Tairi likamgusa bega.

“Zamda! Shuka kwenye gari! Niko chini huku!”

“Baba Chiku, mimi niko jikoni,” Zamda akajibu kutoka mbali. “Kwani nani anawasha gari?”

Krrr. Likajivuta tena.

Kwa hofu Hatibu akaikumbatia ile stata kwa mikono miwili. Haikuwa na waya hata mmoja. Lakini ilikuwa ya moto, na ndani yake kulikuwa na kitu kinazunguka.